Ioni 215: mnyunyizo wa umeme na chembe za hewa ya msituni

Mpakani mwa Tennessee na North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, kuna milima iitwayo Great Smoky Mountains. Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, waliiita kwa jina lenye maana ya mahali pa moshi wa buluu. Ukisimama kileleni siku ya kiangazi utaona vilima vikififia kimoja nyuma ya kingine ndani ya utando wa samawati, na wala hakuna moto unaowaka huko bondeni. Utando huo ni chembe zinazoelea hewani, nyingi zikiwa ndogo hivi kwamba unene wa unywele mmoja unazizidi zaidi ya mara hamsini.

Kwa miongo kadhaa wanakemia wa angahewa walijiuliza chembe hizo ni za nani. Ni za miti, au ni zetu? Ronald Reagan, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, aliwahi kudai kwamba miti inachafua hewa kuliko magari, na watu walimcheka. Walikuwa na haki ya kucheka, ila ndani ya kauli ile mlikuwa na punje ya swali la kweli, na swali hilo halikujibika mpaka watu walipopata njia ya kuzitazama molekuli zenyewe zilizomo ndani ya chembe bila kuzivunja. Nitaieleza njia hiyo, mnyunyizo wa umeme unaozifikisha molekuli kwenye mizani, kwa kufuata ioni moja tu, yaani molekuli yenye chaji ya umeme, ambayo masi yake ni 215 kwa kipimo ambacho hidrojeni moja ni karibu 1. Ukiifahamu hiyo vizuri, umeifahamu mashine pamoja na udhaifu wake.

Tuanze na mti. Mialoni na miti mingine mingi ya majani mapana hutoa gesi iitwayo isoprini, hasa mchana jua likiwa kali. Molekuli yake ni ndogo, kaboni tano na hidrojeni nane. Mimea ya dunia nzima hutoa takriban tani milioni 500 za isoprini kila mwaka. Ukiacha methani, hakuna gesi nyingine ya kikaboni inayoingia hewani kwa wingi huo. Hata hivyo, kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba isoprini haizai chembe. Ni nyepesi mno, walisema, na hata ikishashikana na oksijeni mazao yake hubaki kuwa gesi. Mwaka 2004 kundi lililoongozwa na Magda Claeys wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, lilichunguza vichujio vya hewa kutoka msitu wa Amazoni na kukuta ndani yake methiltetroli: molekuli zenye kiunzi kilekile cha kaboni tano cha isoprini, zikiwa zimepachikwa vikundi vinne vya oksijeni na hidrojeni. Kwa hiyo isoprini ilikuwa inaingia kwenye chembe. Ila kwa mlango gani, hakuna aliyejua.

Hapa ndipo mizani inapohitajika. Spektrometa ya masi ni mizani ya molekuli, lakini ina sharti moja gumu: inapima ioni tu, yaani molekuli au atomi yenye chaji ya umeme. Mashine hiyo husukuma, hupinda na kupanga vitu kwa nguvu za umeme au za sumaku, na kisicho na chaji hakisukumiki. Kitapita kana kwamba hakikuwepo. Ndiyo maana jambo la kwanza la kumwuliza mtu anayekuonyesha matokeo ya spektrometa ni hili: ulizipaje molekuli zako chaji?

Njia ya zamani ilikuwa kuichemsha sampuli iwe mvuke, kisha kuipiga kwa elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70. Gesi ngumu huvumilia. Molekuli kubwa iliyojaa oksijeni haivumilii. Nyingine huvunjika kwa joto kabla hata ya kuwa mvuke, na zinazosalimika hupasuliwa na elektroni. Ni sawa na kutaka kujua uzito wa yai kwa kulipiga nyundo kwanza na kupima maganda. Wataalamu hukwepa sehemu ya tatizo kwa kuzivalisha molekuli vikundi vya silikoni ili zivukizwe kwa urahisi, na hivyo ndivyo methiltetroli za Amazoni zilivyoonekana. Lakini kuna jamaa zao ambao hawakuweza kuonekana kwa njia ile.

Njia nyingine ilitoka kwa watu waliokuwa na haja tofauti kabisa. Mwaka 1968 Malcolm Dole wa Chuo Kikuu cha Northwestern alijaribu kuzirusha molekuli kubwa za plastiki hewani kwa kunyunyiza myeyusho wake chini ya umeme. Katika miaka ya 1980 John Fenn wa Yale aliikamilisha fikra hiyo na kuiunganisha na spektrometa, akilenga protini. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 85, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Koichi Tanaka na Kurt Wüthrich. Wanakemia wa hewa waliazima chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wanabiolojia, na mimi naona huo ni mkopo uliolipa kuliko mingi katika sayansi ya mazingira.

Chombo chenyewe ukikitazama kwa karibu ni kitu rahisi. Kuna sindano nyembamba ya chuma au kioo, na ndani yake kioevu kinapita polepole, mara nyingi maikrolita chache tu kwa dakika. Tone moja la kawaida lingeweza kukutosha dakika kadhaa. Kati ya sindano na mdomo wa mashine kunawekwa volti elfu tatu au nne. Kioevu kinachotaka kudondoka kwenye ncha hakidondoki. Umeme unakivuta mbele mpaka kinachongoka kama pia. Umbo hilo lina jina, pia ya Taylor, kwa sababu G. I. Taylor wa Cambridge alilieleza kwa hesabu mwaka 1964. Kwenye ncha ya pia unatoka uzi mwembamba wa maji, na uzi unakatikakatika kuwa ukungu wa matone madogo sana, yote yakiwa na chaji ya aina moja. Ukiangaza taa kwa ubavuni unaweza kuuona ukungu huo kwa macho, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

Kisha tone linaanza kukauka. Nitrojeni kavu inapulizwa, kiyeyusho kinakwenda zake, lakini chaji haziendi. Zinabaki zikibanwa katika nafasi inayozidi kupungua, na chaji za aina moja hazipendani. Lord Rayleigh alikwisha kukokotoa mwaka 1882 kiasi cha chaji ambacho tone linaweza kukibeba kabla ya mvutano wa uso wake kushindwa. Likifika hapo linapasuka na kutoa vitone vidogo zaidi, navyo hukauka na kupasuka vilevile. Mwishoni tone linakuwa dogo hivi kwamba ioni ndogo zinaruka kutoka usoni pake na kuingia hewani peke yake, zikiwa nzima. Tundu dogo linazifyonza ndani ya ombwe, na safari ya mizani inaanza.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba mnyunyizo huu hauilazimishi kila molekuli kupokea chaji. Kwa sehemu kubwa unatoa hewani ioni ambazo tayari zilikuwa ioni ndani ya kioevu, au zilikuwa karibu kuwa hivyo. Asidi iliyokwisha kuachia protoni yake inatoka ikiwa na chaji hasi. Molekuli inayopenda kushika protoni au sodiamu inatoka na chaji chanya ukigeuza umeme. Isiyoachia wala kushika inabaki kimya. Tena hata zile zenye sifa zinagombea, kwa sababu chaji ya tone ina kikomo na zinazokaa juu ya uso wa tone hutangulia kuruka kuliko zile zilizozama katikati. Kwa hiyo mstari mrefu kwenye spektra, yaani mchoro wa masi ambazo mashine imezipima, hauna maana ya kitu kingi hewani. Una maana ya kitu kilichofaulu kutoka. Ningependa maneno hayo yaandikwe kwa wino mwekundu juu ya kila spektra inayochapishwa.

Sasa turudi kwenye milima. Kiangazi cha mwaka 2013 makundi mengi ya watafiti yalikutana kusini-mashariki mwa Marekani kwa kampeni kubwa ya vipimo. Kituo kikuu kilikuwa Centreville, Alabama, na kingine kilikuwa Look Rock, ukingoni mwa Great Smoky Mountains. Pampu inavuta hewa kwa saa kadhaa kupitia chujio cha kwatsi, cheupe kama karatasi ya barua; linapotolewa lina doa la kijivu au kahawia. Maabara hukata kipande cha duara, wakakitia kwenye methanoli, wakakitikisa kwa mawimbi ya sauti, wakachuja, wakakausha kwa nitrojeni, wakayeyusha tena kinachobaki. Kioevu hicho ndicho kinachokwenda kwenye sindano. Mashine ikiwekwa upande wa chaji hasi, kati ya mamia ya mistari inayochomoza, mmoja ulio wazi kabisa unasimama kwenye 215.0231.

Ili kuusoma mstari huo inabidi turudi nyuma miaka minne. Mwaka 2009 Fabien Paulot na wenzake wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, walionyesha kwamba isoprini ikishambuliwa mara mbili na radikali ya haidroksili (oksijeni moja na hidrojeni moja, kali sana kwa kushika vingine), katika hewa isiyo na oksidi nyingi za nitrojeni, inageuka kuwa epoksidi yenye masi 118. Epoksidi ni molekuli yenye pete ndogo ya pembetatu iliyokazwa kama upinde. Ukiigusa kwa asidi inafyatuka na kushika kilicho karibu. Mwaka uliofuata Jason Surratt na wenzake walionyesha kinachotokea epoksidi hiyo inapokutana na chembe yenye asidi. Ikishika maji, 118 kuongeza 18 ni 136, na hiyo ndiyo methiltetroli ya Amazoni. Ikishika asidi ya salfuriki, 118 kuongeza 98 ni 216. Ondoa protoni moja iliyoachiwa kwenye kioevu, unabaki na 215.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza, lakini angalia inasema nini. Kaboni tano zilizomo zimetoka kwenye majani ya mwaloni. Salfa iliyomo, katika eneo lile, chanzo chake kikubwa ni makaa ya mawe yaliyochomwa kufua umeme: makaa hutoa dioksidi ya salfa, nayo hewani hugeuka kuwa asidi ya salfuriki. Msitu na bomba la moshi wa mtambo vimefungwa katika molekuli moja. Nadhani hakuna jibu zuri zaidi kwa aliyeuliza chembe ni za miti au ni zetu.

Lakini mwanakemia makini hatosheki na namba 215. Ioni nyingi zinaweza kuwa na masi hiyo ukihesabu kwa namba nzima. Kinachookoa ni tarakimu za baada ya nukta. Kaboni ni 12 kamili kwa makubaliano, lakini hidrojeni ni 1.0078, oksijeni ni 15.9949 na salfa ni 31.9721. Molekuli yenye hidrojeni nyingi inasogea juu kidogo ya namba nzima, na yenye oksijeni na salfa nyingi inashuka. Zao moja la paini lenye kaboni kumi, hidrojeni kumi na sita na oksijeni tano litatoa ioni ya 215.0925. Lenye kaboni tisa, hidrojeni kumi na mbili na oksijeni sita litatoa 215.0561. Ioni yetu ya salfa ni 215.0231. Mizani isiyosoma zaidi ya namba nzima itaziona zote tatu kuwa kitu kimoja. Mashine za kisasa, kama Orbitrap iliyobuniwa na Alexander Makarov, huzitenganisha bila shida, kwa sababu kosa lao kwenye masi hii ni elfu moja ya uniti au chini yake.

Baada ya hapo unaivunja kwa makusudi. Ioni ya 215 inakamatwa peke yake, inagonganishwa na gesi, na vipande vinapimwa. Kikitokea kipande cha 97, ambacho ni salfeti (salfa na oksijeni nne) yenye hidrojeni moja, unajua salfa haikuwa imesimama kando. Ilikuwa imeshikamana na kaboni kupitia oksijeni. Bado haitoshi. Salfa inaweza kupachikwa mahali tofauti kwenye kiunzi kilekile, na molekuli hizo za mpangilio tofauti, ziitwazo isoma, zina uzito uleule hadi tarakimu ya mwisho, kwa hiyo mizani peke yake haiwezi kuzitofautisha kamwe. Ndiyo sababu kioevu hupitishwa kwanza kwenye safu ya kromatografia ili molekuli zifike kwenye sindano kwa zamu. Safu za kawaida, zinazopenda vitu vya mafuta, huziachia salfeti hizi karibu zote kwa pamoja mwanzoni, zikiwa zimechanganyika na chumvi. Safu zinazopenda vitu vya majimaji huzichelewesha na kuzipanga, na ghafla mstari mmoja wa 215 unakuwa vilele kadhaa vinavyofuatana.

Sasa udhaifu. Ile methiltetroli ya 136, ndugu wa damu wa ioni yetu, haina kikundi kinachoachia protoni kwa urahisi. Kwenye mnyunyizo wa chaji hasi hunong'ona tu, au hunyamaza kabisa, hata kama ndani ya chembe ipo tele. Ndugu mwenye salfeti tayari ni ioni, na anasikika kwa sauti kubwa. Anayeitazama spektra hiyo bila uangalifu ataapa kwamba chembe za msitu ni salfeti tupu. Kwa upande wa njia ya zamani ya mvuke mambo yaligeuka: methiltetroli zilionekana vizuri, na ndugu zao wenye salfeti wakavunjika kwa joto. Kila mashine ilimwona ndugu mmoja. Ukweli ulipatikana kwa kuweka matokeo ya zote mbili mezani, na kwa kutengeneza molekuli halisi za 216 maabarani ili zitumike kama kipimo cha kulinganishia, kazi ya miezi ambayo haipati sifa inayostahili.

Mtego wa pili umo kwenye chupa ya methanoli. Asidi ya kikaboni ikikaa ndani ya methanoli inaweza kuungana nayo na kuwa esta, na esta hiyo inazidi asidi ya awali kwa 14.0157. Hicho ni kiasi kilekile cha kaboni moja na hidrojeni mbili, tofauti ya kawaida kabisa kati ya molekuli mbili halisi za hewani. Kwa hiyo spektra inaonyesha ukoo mzuri wa molekuli, kila moja ikimzidi jirani yake kwa 14, na baadhi yao hazijawahi kuelea juu ya msitu wowote. Zimezaliwa kwenye chupa. Dawa ni kurudia sampuli kwa asetonitrili, kiyeyusho kisichotengeneza esta hizo, na kutazama ni mistari ipi imetoweka.

Matatizo hayo ya chujio na chupa ndiyo yaliyowasukuma watafiti wa Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, kuipitisha hewa yenyewe ndani ya mnyunyizo. Gesi hunyonywa kwanza na mkaa maalumu, chembe zinabaki, zinakutana na matone yenye iodidi ya sodiamu, zinayeyuka humo, na molekuli zake zinatoka zimeshika sodiamu moja, yaani zimeongezeka 23. Hakuna kusubiri saa nyingi. Vipimo vinakuja sekunde kwa sekunde. Zürich wakati wa baridi, watu wakiwasha kuni kupasha moto nyumba, mstari mmoja unaotawala ni 185: levoglukosani ya 162, sukari inayotokana na selulosi ya mti inapoungua, pamoja na 23 ya sodiamu.

Msomaji wa Mwanza au Machakos asidhani levoglukosani ingemwambia habari zilezile kuhusu majiko ya mtaani kwake. Kuni ndiyo, zinaitoa kwa wingi. Mkaa ni habari nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ya selulosi yake imeshavunjikia ndani ya tanuri huko shambani kabla ya gunia kufika mjini. Mtu akipima hewa ya jiji letu kwa alama iliyozoeleka Ulaya, jiko la mkaa litampita bila kumwona, ilhali moshi wa tanuri lililoko kilomita mia mbali ndio utakaoonekana. Na ile hadithi ya ioni 215 nayo si ya Marekani peke yake. Mikaratusi iliyopandwa kila mahali kuanzia Iringa hadi Kigali ni mitoaji mikubwa ya isoprini. Salfa nayo inategemea mafuta tunayochoma. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, ingawa malori ya zamani bado yanaunguruma barabarani. Viungo vya mapishi tunavyo vyote viwili, na natamani kuona vichujio kutoka nyanda zetu vikipitishwa kwenye sindano hiyo na vijana wetu wenyewe.

Kule Look Rock, chembe zilizotokana na njia ya epoksidi zilikuwa karibu theluthi ya vitu vyote vya kikaboni vilivyokuwa ndani ya chembe za hewa ya kiangazi kile. Wakati huohuo dioksidi ya salfa ilikuwa imeshapungua sana Marekani, kufuatia marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1990 yaliyobana mitambo ya makaa ya mawe. Sheria ililenga mvua ya asidi. Lakini salfeti zilipopungua, chembe za kikaboni za kiangazi katika eneo lile nazo zilishuka mwaka hadi mwaka, zile zenye kaboni iliyotoka kwenye majani, na mialoni ya Tennessee ilikuwa palepale, ikitoa isoprini yake kila jua linapopanda.